Mlango wa bahari wa Kanmon, Japani: niutembelee vipi kwa siku moja?

Mgeni wa Kitakyushu (muuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na kwa wakubwa shikamoo. Nipo Kitakyushu, kaskazini mwa kisiwa cha Kyushu, kwa mafunzo ya kazi yanayohusu maji safi na majitaka, na Jumamosi ijayo tumepewa mapumziko. Wenzangu wengi wanapanga kwenda madukani, lakini mimi nimezaliwa Tanga na kukulia pwani, na tangu nifike hapa nimekuwa nikisikia habari za mlango wa bahari wa Kanmon, unaotenganisha Kyushu na kisiwa kikuu cha Honshu. Ningependa kuutumia muda huo mfupi kuuona vizuri, si kupiga picha mbili na kurudi.

Nina maswali machache. Kwanza, kuna mtu amenishauri niache Kanmon na badala yake niende Naruto, ambako kuna mizunguko mikali ya maji ya bahari inayojulikana sana. Je, ushauri huo una maana kwa mtu mwenye siku moja tu? Pili, nisimame wapi ili nione mkondo wenyewe kwa macho, na saa ngapi? Tatu, ni historia gani hasa iliyotokea pale, kwa sababu mabango niliyoyaona kwenye kituo cha treni yanataja vita, mkataba na pambano la mapanga, nami nashindwa kuyaunganisha. Mwisho, nitafuatana na mama mmoja mtu mzima tunayesoma naye, ambaye magoti yake hayamruhusu kupanda ngazi nyingi, na sote wawili ni Waislamu, kwa hiyo suala la chakula nalo ni muhimu kwetu.

Nitashukuru kwa maelezo ya kina kutoka kwa yeyote aliyefika.

Mkazi wa Fukuoka

Karibu sana Kyushu, dada yangu. Nianze na Naruto: ni mahali pazuri kweli, lakini pako kati ya kisiwa cha Awaji na Shikoku, mbali mno na ulipo, na safari ya kwenda na kurudi ingeimeza siku yote. Kanmon iko mlangoni kwako. Kutoka kituo cha Kokura unapanda treni ya kawaida hadi Mojiko, mwendo wa robo saa hivi, na ukishuka tu umeshafika.

Kituo cha Mojiko chenyewe usikipite haraka. Ni jengo la mbao la mwaka 1914, na lilipewa hadhi ya urithi muhimu wa taifa mwaka 1988. Bandari ya Moji ilifunguliwa rasmi kwa biashara ya nje mwaka 1889, na kwa miongo kadhaa makaa ya mawe kutoka migodi ya Chikuho yalipakiwa hapo kwenda ng'ambo, ndiyo maana utakuta majengo ya matofali ya forodha na ya kampuni za zamani yaliyobaki kando ya gati. Albert Einstein alilala katika klabu ya wafanyabiashara ya mji huo alipozuru Japani mwaka 1922.

Baada ya hapo nashauri mwelekee upande wa daraja, kama kilomita mbili kutoka kituoni. Siku za Jumamosi, Jumapili na sikukuu, kuanzia Machi hadi Novemba, kuna treni ndogo ya watalii inayokwenda taratibu ufukweni hadi Mekari, nayo itamfaa sana huyo mama. Chini kabisa ya daraja liko hekalu la Kishinto la Mekari, ambalo ngazi zake za mawe zinashuka hadi kwenye maji, na taa ya mawe imesimamishwa pale pale ukingoni. Kila mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, kabla ya alfajiri, makuhani wa hekalu hilo hushuka na mienge wakati maji yamekupwa, wakakata mwani na kuutoa kama sadaka. Mtu wa pwani akisimama kwenye zile ngazi ataelewa bila kuelezwa kwa nini watu waliamua kusali mahali pale, kwa maana maji yanapita karibu na miguu yake kwa kasi ya mto uliofurika.

Karibu na hekalu ndipo ulipo mlango wa handaki la waenda kwa miguu, na hili ndilo jambo ambalo msilikose. Handaki la barabara la Kanmon lilifunguliwa mwaka 1958, baada ya ujenzi uliokatizwa na vita, na lina ghorofa mbili: magari yanapita juu, watu wanapita chini. Mnashuka kwa lifti, mnatembea mita 780 chini ya sakafu ya bahari, kisha mnapanda kwa lifti nyingine na kutokea Shimonoseki, katika kisiwa cha Honshu. Njia inateremka taratibu hadi katikati na kupanda tena taratibu, bila ngazi, na katikati pamechorwa mstari wa mpaka kati ya mikoa ya Fukuoka na Yamaguchi. Mtembea kwa miguu halipi chochote. Linafunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku. Mngurumo wa malori juu ya vichwa vyenu utausikia njia nzima.

Mkitokea upande wa pili mtakuwa kwenye bustani ya Mimosusogawa, yenye sanamu na mizinga. Kutoka hapo kuna basi linalofuata barabara ya ufukweni hadi hekalu la Akama na soko la samaki la Karato, na Karato ndiko kunakopatikana boti ya kuwarudisha Moji kwa dakika tano tu. Mtakuwa mmevuka mlango huu kwa miguu chini ya bahari na kwa boti juu yake, na kutoka kwenye boti mtaliona daraja lote kwa mkupuo mmoja. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1973, lina urefu wa mita 1,068, nalo limeachiwa magari peke yake.

Baharia Mstaafu, Mombasa

Mwanangu, marahaba. Nimepita mlango ule nikiwa kazini kwenye meli za mizigo, kwa hiyo acha niseme juu ya mkondo, kwa sababu ndugu yetu wa Fukuoka amekupangia njia vizuri lakini hajakupangia saa, na Kanmon bila saa ni sawa na kutazama barabara tu.

Mahali pembamba kabisa ni chini ya daraja, panapoitwa Hayatomo, ambapo kutoka ufuko hadi ufuko ni mita 600 na ushei. Upande mmoja iko Bahari ya Japani, ambayo maji yake hupanda na kushuka kidogo. Upande wa pili iko Bahari ya Ndani ya Seto, ambayo kupwa na kujaa kwake ni kukubwa zaidi. Kila mara kimo cha maji cha upande mmoja kinapozidi cha mwingine, maji yote yanataka kupita kwenye uwazi ule mdogo, na ndiyo sababu mkondo hugeuka mara nne kwa siku, na ukikaza huweza kufikia maili 10 za baharini kwa saa, yaani kilomita 18 na zaidi. Boti nyingi za wavuvi hazina uwezo wa kushindana na mwendo huo.

Utaona kandokando ya mlango mabango makubwa ya taa za umeme. Herufi E maana yake mkondo unakwenda mashariki, W maana yake unakwenda magharibi. Namba ni kasi yake kwa maili za baharini. Na mshale unaotazama juu unaonya kwamba kasi inaongezeka, ukitazama chini inapungua. Manahodha wanayatumia mabango hayo kazini. Sheria za bandari zinaitaka meli inayopita Hayatomo kinyume cha mkondo iwe na mwendo unaouzidi mkondo kwa angalau maili tatu kwa saa, na ikishindwa isubiri nje. Meli za tani 10,000 na zaidi hulazimika kumchukua rubani. Ukisimama ufukweni na kuona meli ya mizigo inasukuma maji yote mbele ya omo yake, halafu nyumba zilizo nyuma yake hazisogei, ujue unatazama meli inayopigania kila hatua.

Basi, fanya hivi. Walinzi wa pwani wa Japani hutoa ratiba ya mkondo kwa kila siku ya mwaka. Omba mwenyeji wako akusomee ya Jumamosi. Tafuta saa ambayo kasi ni kubwa, ambayo kwa kawaida huja kama saa tatu baada ya mkondo kugeuka, na uwe kwenye ngazi za hekalu la Mekari saa hiyo hiyo, hata kama itakubidi ugeuze mpango mzima na kuanzia Shimonoseki. Kama unaweza kuchagua siku, chagua ya bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa zaidi, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Kisha, ukiwa na subira, baki hadi mkondo ugeuke. Utaona maji yanatulia, vishada vya mwani vinasimama, halafu povu linaanza kurudi lilikotoka.

Jambo la mwisho ambalo mabango ya kitalii hayalitaji sana: mwaka 1945 ndege za Marekani zilitega mabomu ya majini humu, kuanzia mwishoni mwa Machi, kwa sababu meli nyingi zilizokuwa zikiilisha Japani zilipita njia hii. Mlango mwembamba ni rahisi kuufunga. Mkumbuke hilo mnapohesabu meli zinazopita leo kwa amani.

Mwalimu wa Historia

Naomba nijibu swali la tatu, kwa kuwa ndilo linalowachanganya wageni wengi. Mambo yote uliyoyaona kwenye mabango yana asili moja: wembamba wa mahali hapo. Aliyetaka kutoka Kyushu kwenda mji mkuu, au kutoka bara la Asia kuingia Bahari ya Ndani, alipita hapa, na aliyetaka kumzuia alimsubiri hapa.

La kwanza na kubwa kuliko yote ni vita vya majini vya Dan-no-ura, tarehe 25 Aprili 1185. Koo mbili, Taira na Minamoto, zilikuwa zimepigana kwa miaka mitano. Taira walikuwa wamekimbia mji mkuu wakiwa na mfalme mtoto, Antoku, aliyekuwa na umri wa miaka sita tu, pamoja na vitu vitakatifu vya ufalme: kioo, kito na upanga. Minamoto no Yoshitsune aliwafuata hadi kwenye mlango huu. Mmoja wa washirika wa Taira aliwageuka katikati ya vita, na walipoona mambo yamekwisha, bibi yake mfalme alimkumbatia mjukuu wake akajitupa naye baharini. Masimulizi yanasema mtoto alimuuliza wanakwenda wapi, naye akamjibu kwamba hata chini ya mawimbi uko mji wa kifalme. Mama yake mfalme naye alijitupa, lakini askari walimvuta kwa nywele kwa kutumia reki, akaishi, akamalizia maisha yake akiwa mtawa wa Kibuddha katika milima ya Ohara, karibu na Kyoto. Taira no Tomomori, kamanda wao, alizama pamoja na nanga. Sanamu yake akiwa ameibeba ndiyo mtakayoiona Mimosusogawa, akitazamana na Yoshitsune anayeruka kutoka mashua hadi mashua. Miaka saba baadaye, mwaka 1192, kaka yake Yoshitsune, Yoritomo, alipewa cheo cha shogun, yaani mkuu wa majeshi, na utawala wa tabaka la wapiganaji ulidumu, kwa vipindi tofauti, hadi mwaka 1868.

Hekalu la Akama limejengwa kwa ajili ya mtoto huyo. Lango lake jekundu na jeupe limefanywa kama mlango wa kasri la baharini, kulingana na maneno ya bibi yake. Ndani ya uwanja kuna mawe ya kumbukumbu ya wakuu wa Taira, yamejipanga kwenye kivuli. Nakushauri usimame hapo kwa utulivu, kwa kuwa watu bado wanakuja kusali, na kila mwaka kuanzia tarehe 2 Mei hufanyika ibada ya siku tatu ya kumkumbuka. Wavuvi wa huko walisema kaa wenye maganda yanayofanana na nyuso zilizokunjamana ni roho za Taira.

Pambano la mapanga ni la mwaka 1612, kati ya Miyamoto Musashi na Sasaki Kojiro, katika kisiwa kidogo cha Ganryu kilichomo ndani ya mlango huu. Kwa maoni yangu, mwenye siku moja anaweza kukiacha.

Mizinga iliyopo bustanini inahusu jambo zito zaidi. Mwaka 1863 watawala wa eneo la Choshu walianza kuzipiga meli za kigeni zilizopita hapa, na mwaka uliofuata, mwezi Septemba, meli 17 za Uingereza, Ufaransa, Uholanzi na Marekani zilikuja kuzibomoa ngome zao na kuteka mizinga yao. Japani ilidaiwa fidia ya dola milioni tatu. Choshu walijifunza kwamba hawawezi kuwafukuza wageni kwa silaha walizokuwa nazo, wakageukia kununua silaha mpya na kuiangusha serikali ya shogun. Kijana mmoja wa Choshu aliyehusika katika mazungumzo ya wakati huo, Ito Hirobumi, alikuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Japani.

Ni huyo huyo Ito aliyekaa Shimonoseki mwaka 1895 kama mshindi, katika mkahawa wa Shunpanro, hatua chache kutoka hekalu la Akama, akisaini na Li Hongzhang, mjumbe wa China, mkataba wa kumaliza vita kati ya Japani na China. Tarehe ni 17 Aprili. China ilitoa Taiwan na fidia kubwa ya fedha. Kabla ya hapo, kijana wa Kijapani alimpiga Li risasi usoni akiwa anarudi kwenye hekalu alimofikia, na tangu siku hiyo akapitishwa kwenye kichochoro cha mlimani ambacho hadi leo kina jina lake. Kando ya mkahawa huo kuna jumba dogo la makumbusho lenye viti na meza za mazungumzo. Msipite bila kuingia: ni miaka 31 tu iliyotenganisha mizinga iliyotekwa na viti hivyo, na vyote viko kwenye ufuko mmoja.

Nina swali kwa mzee wetu baharia. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanahistoria Kuroita Katsumi alieleza kwamba Taira walishindwa kwa sababu mkondo uliokuwa ukiwasukuma mbele asubuhi uligeuka mchana ukawa dhidi yao. Maelezo hayo yanarudiwa kila mahali, lakini baadhi ya watafiti wa baadaye wanayatilia shaka. Wewe unaonaje?

Baharia Mstaafu, Mombasa

Mwalimu, kwa kalenda yao ya zamani vita vilipiganwa tarehe 24 ya mwezi wa tatu, na kalenda ile ilifuata mwezi mwandamo. Tarehe 24 mwezi umebaki nusu na unaelekea kuisha, na hayo ni maji mafu, si bamvua. Kwa hiyo sikubali picha ya mkondo mkali uliowazoa Taira kama takataka. Mkondo wa maji mafu hata Hayatomo una nguvu ya kuipoteza mashua njia, lakini wote wawili, mshambulizi na mshambuliwaji, walikuwa juu ya maji yale yale, wakichukuliwa pamoja. Mkondo humsumbua zaidi aliyekaribia ufuko au aliyetia nanga. Mimi ningemtazama zaidi yule mshirika aliyewageuka, na wale washika usukani na wapiga makasia ambao masimulizi yanasema waliuawa. Chombo kisicho na mshika usukani pale kwenye mlango hakihitaji mkondo wa bamvua ili kipotee.

Mgeni wa Kitakyushu

Shikamoo tena mzee, na ahsanteni sana nyote. Nimemwomba mwenyeji wetu anisomee ratiba, na mkondo wa Jumamosi utakaza asubuhi, kwa hiyo tutaanzia Mekari kama mlivyoshauri. Limebaki suala la chakula. Nimeambiwa kwamba samaki anayeheshimiwa zaidi Shimonoseki ni bunju. Kwetu Tanga bunju anatupwa, na watoto wanakatazwa hata kumgusa. Je, ni salama, na je, Mwislamu ale nini sokoni Karato?

Mkazi wa Fukuoka

Ni bunju kweli, dada, na sumu yake ni ile ile mnayoiogopa. Imo hasa kwenye maini na mayai, na haiondoki kwa kupikwa. Kinachowalinda walaji ni sheria: anayemkata lazima awe na leseni, na maini yake yamepigwa marufuku nchini kote. Serikali ilimzuia kabisa samaki huyu kwa muda mrefu, hadi mwaka 1888 Ito Hirobumi, huyo huyo aliyetajwa na mwalimu, alipoandaliwa sahani yake Shunpanro, akamsifu, na marufuku ikaondolewa katika mkoa wa Yamaguchi. Mnada wake mkubwa hufanyika Haedomari, ambako mnunuzi huingiza mkono ndani ya mfuko wa kitambaa na kuvibana vidole vya dalali kumwonyesha bei, bila mtu mwingine kuona.

Mkitaka kumwonja, kuleni nyama yake mbichi iliyokatwa nyembamba hadi mchoro wa sahani unaonekana, katika mkahawa au kibanda chenye kibali, na kamwe msikubali bunju aliyekatwa na mtu binafsi. Epukeni mapezi yaliyochomwa yanayotumbukizwa kwenye pombe ya mchele. Kwa samaki wengine mtapata kila aina sokoni, lakini ulizeni kuhusu mchuzi, kwa kuwa mapishi mengi hutiwa mirin, ambayo ina kileo; samaki mbichi au wa kuchoma kwa chumvi hawana shida hiyo. Wali wa kari uliookwa, ambao ni sifa ya Moji, kwa kawaida huwa na nyama isiyo ya halali, kwa hiyo uacheni.

Vibanda vya sushi vya Karato hufunguliwa mwisho wa wiki na sikukuu, watu hununua na kwenda kula kwenye ukingo wa mbao ulio mbele ya maji, na mchana vinaanza kuishiwa. Kwa kuwa mkondo wenu ni wa asubuhi, mkitoka Mekari vukeni handaki moja kwa moja, kuleni kwanza, kisha mrudi Akama na Shunpanro kwa miguu, kwani kutoka sokoni ni karibu na njia ni tambarare hadi mbele ya lango. Ndani ya hekalu zipo ngazi. Mama anaweza kukaa chini karibu na lango, ambako bahari inaonekana vizuri ng'ambo ya barabara.